Umeshamlisha Lambros?

Waliofanya kazi na Melpo Gatsiou pale hospitali ya Ioannina, kwetu Ugiriki, watakuambia alikuwa mkavu. Hana hadithi, hana umbea, ukimuuliza habari za kazi anakujibu "zinaenda" na kuendelea kukoroga kahawa yake. Wengi waliona ni maringo ya wasomi. Waliomjua ujanani wanajua hakuzaliwa hivyo, maana Melpo wa zamani angeingia dukani kununua jibini akatoka anajua mwenye duka anaozesha lini na kwa nini bibi harusi ananuna. Kilichomkausha ni maneno machache aliyoyatamka kwa furaha, kwa nia njema kabisa, na mama mmoja wa milimani akaenda nayo nyumbani.

Alikuwa binti wa fundi cherehani. Alisomea udaktari Thessaloniki, akabobea kwenye magonjwa ya damu, akarudi kwao kutibu. Wodini hakudumu. Kila mgonjwa aliyekufa alimfuata mpaka mezani, chakula hakipiti, hata mama yake akawa anamuuliza mlangoni, "Leo umekuja na nani?" Mwishowe Profesa Karvounis alimwonea huruma akamteremsha maabara, chumba cha chini kabisa cha hospitali, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka, mashine zinanguruma kutwa. Kule hapakuwa na watu wa kufa. Palikuwa na damu yao tu, na Melpo akapaona peponi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: unachukua seli za saratani ya damu kutoka kwa mgonjwa, unaziweka kwenye chupa ndogo bapa zenye maji mekundu ya lishe, kisha unazibembeleza ziishi nje ya mwili. Zikikubali, unaweza kuzijaribia dawa yoyote bila kumtesa binadamu. Shida ni kwamba seli hizohizo zenye kiburi cha kummaliza kijana mwenye nguvu zake, zikiingia chupani zinanywea na kufa. Melpo alimwaga chupa baada ya chupa. Miaka ikaenda bila kitu cha maana mkononi, na Karvounis akaanza kumtazama kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia jambo.

Ndipo akaja Lambros.

Alikuwa golikipa wa Petrovrisi, kijiji kidogo kiasi kwamba Padri Sotiris mwenyewe alicheza beki, kanzu ameifunga kiunoni. Umri wake miaka kumi na tisa. Aliletwa na mama yake, Bi Agoritsa, mjane mfuga mbuzi, kijana fizi zinatoka damu na miguu imejaa madoa ya zambarau ambayo mama mtu alidhani ni ya mpira. Walipomtoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho, Melpo alipanda wodini kuomba kidogo kwa ajili ya utafiti.

"Chukua tu, dada daktari," Lambros alisema. "Mimi nitazipeleka wapi hizo? Ila zikija kuchukua kombe, jina langu litajwe."

"Litatajwa."

"Usije ukanigeuka. Nina shahidi hapa." Akamnyooshea kidole mama yake.

"Nyamaza, umelala nusu uchi unaongea makombe," Bi Agoritsa akamwambia, akamvuta shuka. Lakini alikuwa anacheka.

Lambros alikufa majira ya kuchipua, kwaresima haijaisha. Chupa zake hazikufa. Wiki ya kwanza Melpo hakuamini, ya pili akaacha kulala vizuri, na ilipofika Pasaka seli zilikuwa zimejaa mpaka zinakosa nafasi. Alimkumbatia Karvounis korido nzima ikiona. Furaha ile ilikuwa ya kweli na simlaumu kwayo. Mtu akihangaika miaka na kitu kisichoota, kikiota ana haki ya kucheka.

Sasa, watu wa kazi ile wana lugha yao. Kila baada ya siku mbili tatu maji ya chupani huchakaa, lazima uyabadilishe, na wao huita kulisha. "Umelisha?" "Nimelisha." Chupa nyingine ziliitwa kwa namba, lakini Thodoris, fundi wa maabara na mgonjwa wa mpira, ndiye aliyeanza kuziita hizi Lambros. Lambros amejaa leo. Lambros amehamia kwenye chupa kubwa. Profesa alikunja uso mwanzoni. Haukupita mwezi naye akawa anauliza Lambros anaendeleaje. Hapakuwa na dharau ndani yake, pengine hata palikuwa na upendo. Lakini walizoea, na mtu akishazoea neno halisikii tena.

Mwaka wa pili wa msiba Bi Agoritsa alishuka mjini na bakuli la ngano ya maombezi, ile tunayoichemsha na kuichanganya na sukari, zabibu kavu na punje za komamanga, tukawagawia watu ili wamwombee marehemu. Alikuwa na pai ya majani mwitu pia, imefungwa kwa kitambaa, bado ina joto. Alitaka kuwashukuru waliomhudumia mwanawe. Wodini walimwelekeza kwa Melpo, na Melpo akamkaribisha kwenye chumba kidogo cha nje cha maabara, akamtengea kahawa. Walikuwa wanakula ngano ile kwa vijiko viwili, wanaongelea mbuzi, Thodoris alipopaza sauti kutoka ndani:

"Melpo! Umeshamlisha Lambros, au nimlishe mimi?"

Kijiko cha Bi Agoritsa kikasimama.

"Lambros gani huyo?"

Angeweza kusema ni paka. Hospitali gani haina paka? Angeweza kusema ni mgonjwa mwingine, majina ya namna hiyo milimani yamejaa. Yule mama angeitikia, angemaliza kahawa yake na kupanda basi la mchana. Lakini Melpo alikuwa amebeba furaha ile miaka miwili, na hapa mbele yake alikaa mtu pekee duniani aliyestahili kugawiwa.

"Ni wako, mama," alisema. "Lambros wako. Seli zake zinaishi mpaka leo. Ziko hai kabisa. Njoo uone."

Akamvalisha koti jeupe lililomfika miguuni, akamkalisha kwenye darubini. Bi Agoritsa hakujua afumbe jicho lipi. Alipopata namna ya kutazama, aliishika darubini kwa mikono miwili.

"Mbona wengi hivi?"

"Wanazaliana."

"Wanang'aa." Akatazama tena. "Wanakula nini?"

"Maji yenye sukari na chumvichumvi. Tunachanganya na damu ya ndama, yale maji mepesi ya juu."

Bi Agoritsa akainua uso. "Ndama? Lambros hali ndama. Tangu mdogo. Ukimwekea anaificha chini ya mkate akidhani huoni."

Wakacheka wote wawili, Melpo mpaka machozi. Aliona amefanya jambo zuri kuliko yote aliyowahi kumfanyia mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Hakumwambia kwamba kile alichokitazama ni ugonjwa uliomuua mwanawe. Alifikiri linajulikana.

Kuanzia hapo Bi Agoritsa alishuka kila Jumamosi ya gulio. Anauza jibini lake, kisha anakuja. "Amelala vizuri?" anauliza mlangoni. Hakutaka tena kutazama kwenye darubini; alitaka kukaa karibu na kabati la joto walimohifadhi chupa, aweke kiganja mlangoni, na kumpasha habari za nyumbani kwa sauti ya chini: nani ameoa, timu imefungwa mangapi. Majirani walimwuliza mbona siku hizi hafiki makaburini kuwasha taa ya mafuta, akawajibu, "Kule hayupo sana." Thodoris alianza kutafuta visingizio vya kutoka chumbani kila Jumamosi. Melpo aliona haya, kisha akachoka, na kuna siku, Mungu amsamehe, alijificha chooni mpaka yule mama aondoke.

Kwetu marehemu haachwi ardhini moja kwa moja. Mwaka wa tatu familia hulifukua kaburi, wanawake huiosha mifupa kwa divai, na mifupa huwekwa kwenye kisanduku ndani ya chumba nyuma ya kanisa, pamoja na ya babu na bibi. Ikitoka safi, ya manjano, watu hupumua na kusema amepumzika. Mwaka ulipofika walilifungua kaburi la Lambros mbele ya Padri Sotiris, na mchimbaji alipofikia mbao akasita, akamwita padri pembeni. Ardhi haikuwa imeimaliza kazi yake. Waliona kichwa chenye nywele. Wakalifunika harakaharaka, na wanawake wakajipiga ishara ya msalaba.

Unajua vijiji. Kabla jua halijatua kila jiko lilikuwa na maelezo yake. Mtu asiyeyeyuka ana laana juu yake, au ana dhambi, au mzazi wake alimwapiza. Bi Sevasti, jirani, aliuliza kisimani kwa sauti ya kusikika: "Kijana wa miaka kumi na tisa amepata wapi dhambi ya kumshinda udongo? Labda si yake." Bi Agoritsa alijaza ndoo yake akaenda zake. Yeye alikuwa ameshapata maelezo yake mwenyewe, na Jumatatu, siku ambayo si yake, alikuwa mlangoni kwa Melpo.

"Mwachieni," alisema.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Mmemshika huku, kule hawezi kumaliza. Nusu iko huku inakula, nusu iko kule inangoja. Mimi ndiye mjinga, nilifurahi. Zimwage, mwanangu. Zimwage leo nikiona, niende zangu."

Basi hapa ndipo pa kujutia, na Melpo alipajutia mpaka mwisho. Siku ile chupa zote za Lambros duniani zilikuwa katika chumba kile. Kabati moja la joto na tangi moja la naitrojeni ya baridi kali, ambamo walizigandisha za akiba. Angetaka, angezimaliza kwa galoni moja ya klorini kabla kahawa haijapoa. Lakini makala yake ya kwanza ya maana ilikuwa mezani, haijatumwa. Kulikuwa na dawa mpya waliyotaka kuijaribu. Kulikuwa na miaka yote ile ya chupa zilizokufa. Na alikuwa na haraka.

Akacheka. Hakumcheka yeye, alicheka kama tunavyocheka tukitaka mtu aone kwamba jambo ni dogo.

"Mama Agoritsa, hizo ni imani tu. Pale kwenu udongo ni wa mfinyanzi, maji yanatuama, sanduku lilikuwa la mbao ngumu. Mzikeni upande wa juu penye changarawe. Halafu ile si Lambros. Ile ni saratani yake. Ndiyo iliyomuua."

Bi Agoritsa alimtazama kana kwamba amepigwa na mtu aliyemwamkia vizuri.

"Saratani?"

"Ndiyo, mama."

"Niliyokuwa nikiisimulia habari za nyumbani?"

Melpo akazipanga karatasi za makala mezani.

"Sasa mbona mlimwita Lambros?" mama aliuliza. "Mngeiita saratani, mimi ningekaa hapa Jumamosi zote hizo? Na hata kama ni saratani, ilitoka wapi? Imetoka kwake. Yeye ametoka kwangu. Mwachieni, nakuomba."

"Siwezi, mama. Zitasaidia watu wengine."

"Nami si mtu?"

Aliondoka bila kuaga, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri, na hakuja tena siku za gulio. Melpo alijiambia ni afadhali. Makala ilitoka. Dawa ile haikufaa kitu, lakini ya pili baadaye ilionyesha dalili njema, na maabara nyingine zikaandika kuomba seli: Ujerumani, Japani, hata mji mmoja wa Brazil ambao Karvounis aliutafuta kwenye ramani. Zikapakiwa kwenye barafu zikaenda. Katika makala Melpo alimtaja Lambros kwa herufi za mwanzo za jina lake, kama sheria inavyotaka. Hilo ndilo lililokuwa kombe lake.

Baada ya miaka mingine kadhaa walilifungua kaburi tena. Lilikuwa palepale, kwenye udongo uleule, kwa sababu kule juu penye changarawe palikuwa pa familia nyingine, na hakuna aliyetaka kumpa nafasi maiti mwenye laana. Hali ilikuwa ileile. Safari hii Bi Agoritsa aliacha kwenda kanisani, maana wanawake waliacha kukaa naye benchi moja. Habari zilimfikia Melpo kwa Padri Sotiris, aliyekuja hospitali kwa ajili ya goti aliloumia mpirani, akateremka mpaka maabara.

"Nimewahubiria nikachoka," padri alisema. "Nimewaambia ni maji tu, ni udongo tu. Wananijibu, ndiyo baba, kisha wanavuka barabara wakimwona. Na yeye mwenyewe hanisikii. Anasema daktari wa Ioannina ndiye mwenye ufunguo. Wewe una ufunguo gani, binti yangu?"

Melpo akamweleza. Padri alisikiliza akikanda goti, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua, "Sasa haziwezi kurudi?"

Haziwezi. Zimegawanywa, zimezaliana, walioziazima nao wamewaazima wengine. Hakuna mtu duniani anayeweza kuzikusanya. Kile ambacho siku ile kingemgharimu galoni moja ya klorini, sasa hakikuwa mkononi mwa yeyote. Melpo alilia pale mbele ya padri, kwa sauti, mashine za kufulia zikinguruma ukutani.

Juma lile alizichukua chupa za Lambros zilizokuwa kwenye kabati la joto, akatia klorini mwenyewe, akayatazama maji yake yakipauka. Tangi la naitrojeni hakuligusa. Kisha akapiga simu mkahawani Petrovrisi, akaomba waende kumwita Bi Agoritsa.

"Nimezimwaga, mama," alisema.

Upande wa pili vikombe vya mkahawani viligongana. Kisha: "Zote?"

"Zote."

"Mungu akupe uzima, mwanangu. Nilijua una moyo."

Padri Sotiris naye alifanya lake. Alimtolea Lambros nafasi ya ukoo wake mwenyewe, upande wa juu penye changarawe, akasimamia azikwe upya bila sanduku, kwa sanda tu. Waliolalamika aliwaambia wamtafute padri mwingine, na beki mwingine.

Basi kaburi lilipofunguliwa mara ya tatu, miaka baadaye, Melpo alialikwa, kama mgeni wa heshima. Alitamani kukataa. Alikwenda, kwa sababu alipanga kumwambia mama yule ukweli kabla udongo haujafunguliwa, hata kama angetemewa mate. Lakini alipofika mchimbaji alikuwa ameshaanza, na kelele iliyosikika getini ilikuwa ya furaha. Mifupa ilikuwa safi, ya manjano, kama ambavyo kila mzazi wa kwetu huomba. Bi Sevasti ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, akamshika Bi Agoritsa mabega, akambusu, analia: "Amepumzika, dada! Amepumzika!" Wanawake wote walikuwepo, na beseni la divai nyekundu lilikuwa juu ya meza.

Bi Agoritsa alikuwa amezeeka, lakini sijui kama kuna bibi harusi aliyewahi kupendeza kama yeye siku ile. Alimvuta Melpo mpaka kwenye beseni.

"Osha na sisi. Wewe ni wa nyumbani."

Melpo akakunja mikono ya koti lake akaosha. Aliosha mfupa wa paja, akaosha mbavu, akafikia nyonga, na pembeni yake, mahali ambapo sindano ilipita, kidole chake kikasimama. Hapakuwa na alama yoyote. Mama yule alikuwa anaipanga mifupa juu ya kitambaa cheupe, kila mmoja mahali pake, na ilipokamilika alirudi nyuma hatua moja akamgeukia.

"Daktari, sisi tunaona mifupa tu. Wewe umesomea. Mtazame vizuri uniambie. Yupo mzima? Hakuna kilichobaki huko nje?"

Wanawake walisogea kusikia. Padri Sotiris, ambaye alijua, aliinamisha kichwa akashughulika na chetezo chake.

Melpo aliyaona macho yale. Aliwaona Bi Sevasti na wenzake, wamesimama bega kwa bega na Bi Agoritsa kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile. Ukweli alikuwa nao mdomoni.

"Yupo mzima, mama," alisema. "Hakuna kilichobaki."

Bi Agoritsa aliinama, akalibusu fuvu la mwanawe kwenye paji la uso, kisha akalinyanyua na kumpa Melpo naye abusu, kama ndugu wa marehemu afanyavyo. Melpo akabusu. Lilikuwa na ubaridi na harufu ya divai.

Jumatatu alirudi kazini. Ilikuwa zamu yake ya kuongeza naitrojeni kwenye tangi, kazi ambayo isipofanyika kila juma vilivyogandishwa vyote huharibika. Alisimama mbele ya tangi na mtungi mkononi, na moshi mweupe wa baridi ukamfunika viatu. Thodoris alipita mlangoni akamwuliza kwa mazoea, bila hata kugeuza kichwa, kama Lambros ameshahudumiwa.

Melpo alifungua mfuniko, akamimina mpaka likajaa.